Uzi: Damu ya utafiti inatoka Bagamoyo, majibu tunayasikia kama uvumi

Mzee wa Kongowe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam aleikum, na wa "Bwana asifiwe" nao nawasalimu. Bandiko ni refu, mwenye haraka apite tu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani Bagamoyo. Tumeshazika, tumekaa kwenye mikeka chini ya mwembe tunasubiri pilau, jamaa mmoja dereva wa bodaboda akaanza kusimulia kwamba mwanawe wa kwanza "aliingizwa kwenye ile chanjo ya malaria ya Wazungu". Nikamuuliza chanjo inaitwaje. Hajui. Aliyeweka saini nani? Mama mtoto. Mtoto anaendeleaje? Mzima, yuko shule. Sasa tatizo liko wapi? Akanijibu: "Tatizo sisi panya wao, kaka. Wanakuja, wanachukua damu, wanaondoka. Hatujui imeishia wapi."

Jibu hilo limenikaa kifuani wiki nzima, kwa sababu mimi najua imeishia wapi. Na nimejua kwa bahati tu, nina mpwa anayesomea udaktari ananirushia makala kwenye simu.

Imeishia hivi. Chanjo yenyewe ni R21, imebuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na inazalishwa na Serum Institute of India. Jaribio lake la mwisho lilichukua watoto wapatao 4,800 kwenye nchi nne: Burkina Faso, Mali, Kenya na sisi. Kituo chetu kilikuwa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwanzoni mwa 2024. Sehemu ambazo malaria haina likizo, kama huku kwetu, chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Kule Sahel, ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara ambako malaria inakuja na mvua, asilimia 75. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaikubali tangu Oktoba 2023, na Ivory Coast wakaanza kuchanja watoto wao Julai 2024. Kwa hiyo mtoto wa Abidjan anadungwa sindano ambayo sehemu ya ushahidi wake ni damu ya mtoto wa bodaboda wa Bagamoyo, huku baba mtu anaamini damu ile ilikwenda kwa Frimasoni.

Na si Bagamoyo tu. Mwaka 2019 huko Misungwi, Mwanza, vijiji 72 viligawiwa vyandarua vya aina nne ili vishindanishwe. Kimojawapo ni kile cha dawa ya kawaida, ambayo mbu wetu wameshaizoea kama mlevi na gongo. Kingine kimeongezwa dawa ya pili, klofenapiri. Hii nimeipenda, ngoja niieleze. Mbu sugu ana vimeng'enya mwilini vinavyovunjavunja dawa ya zamani kabla haijamdhuru. Klofenapiri ikiingia, vimeng'enya vilevile vinaishughulikia kama kawaida yao, na hapo ndipo inapogeuka sumu kali. Mbu anajipikia sumu kwenye chungu chake mwenyewe! Ndani ya miaka miwili, watoto waliolalia vyandarua hivyo waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu kuliko waliolalia vya kawaida. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Waulize watu mtaani kwako kama wanajua kwamba dunia ilifunzwa jambo hilo na Misungwi.

La mwisho linanihusu. Nina ekari mbili Mkuranga. Mwaka juzi nimepanda muhogo, majani yamenawiri hadi majirani wanakuja kuomba kisamvu. Kung'oa na kukata, ndani kahawia, kama kizibo kilichooza. Ekari nzima. Msimu uliofuata nikapanda tena pingili zilezile, maana nani aliniambia? Baadaye ndiyo nasoma kwamba ugonjwa huo, michirizi kahawia, umeandikwa tangu miaka ya 1930 hapahapa nchini, kituo cha Amani kule Tanga, na kwamba wataalamu wa TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Dar es Salaam, wamekwenda mashambani na kimashine cha kusoma vinasaba kinachoshikika kiganjani, wakampa mkulima jibu la kirusi siku hiyohiyo. Mikocheni! Mimi napita hapo kila wiki.

Hoja yangu basi: watafiti wetu wanajua kuja na wanajua kuandika. Kurudi hawajui. Nabishiwa?

---

Kipara cha Mbagala

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, ekari nzima ya kisamvu hukutuita.

---

Shaka Kwanza

Mzee umeandika vizuri lakini umeruka lenye moto. Unasifu chanjo na vyandarua, mbona husemi kuhusu mbu wa maabara? Wametengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba, hapohapo Bagamoyo ulipokula pilau. Wanataka kuwaachia wazaliane na mbu wetu. Nani aliulizwa? Burkina Faso serikali yao imesimamisha mradi wa namna hiyo Agosti 2025, wakawaambia fungeni virago. Sisi tumekaa tunapiga makofi.

Nchi hii ikishakuwa shamba la majaribio, siku moja jaribio litakataa, na wenyewe watakuwa wamepanda ndege.

---

Nesi Mstaafu

Wanangu habari za jioni. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja, niruhusuni nizungumze la wodini, ya mbu wataongea vijana.

Mwanzisha uzi, si kweli kwamba hawarudi kabisa. Inategemea utafiti umezaa kitu gani. Nitatoa mfano.

Mama akijifungua anatoka damu, hilo kila mtu anajua. Swali ni ngapi. Sisi tulifundishwa kukadiria kwa macho. Unatazama shuka, unatazama sakafu, unasema "kama mia tatu hivi". Ukweli ni kwamba macho yanadanganya, na yanadanganya kwa upande mmoja: unaona kidogo kuliko iliyotoka. Damu nyingine imenyonywa na khanga, nyingine imechuruzika chini ya kitanda. Ukija kushtuka, mama amekwisha kuwa baridi mikononi. Nimewapoteza wawili kwa namna hiyo, majina yao ninayo mpaka leo, sitayaandika.

Sasa ukaja utafiti unaitwa E-MOTIVE. Hospitali 80 katika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Walichofanya? Wanamwekea mama chini ya makalio karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu inaingia mfukoni, unasoma mstari. Imefika kiwango cha hatari, husubiri daktari wala huanzi hili na kungoja kama litafaa ndipo ujaribu lile. Unafanya yote kwa mpigo: unasugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, unamkagua, na kama haisimami unaita msaada.

Matokeo yalitangazwa 2023. Zamani, katika kila akina mama mia wanaovuja damu kupita kiasi, tulikuwa tunawagundua kama 51. Kwa mfuko ule, 93. Na yale mabaya kabisa, yaani kuvuja lita moja na zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu au kufa, yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna roboti hapo. Ni plastiki yenye mistari!

Nilipousoma nilikaa kitako nikalia kidogo. Sikulia kwa furaha peke yake.

Kwa hiyo nasema, utafiti uliozaa kitu cha kushika mkononi unarudi wenyewe, kwa sababu mkunga atauliza mifuko iko wapi. Uliozaa karatasi tu ndio unaopotea.

---

Mtoto wa Ifakara

Mama shikamoo. Bandiko lako nimelituma kwenye kundi la familia.

Shaka Kwanza, mimi nimewahi kufanya kazi ya kukamata mbu kwa mshahara, usicheke, ni ajira. Nakujibu kwa utaratibu.

Kweli, mbu waliobadilishwa wapo Bagamoyo. Mradi ni wa Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na Imperial College ya London, na matokeo yalitoka jarida la Nature mwishoni mwa 2025. Lakini hakuna mbu aliyeachiwa. Wamo ndani ya jengo la milango juu ya milango. Ubunifu wenyewe ni huu: mbu amepewa maelekezo ya kutengeneza protini mbili ndogo, moja asili yake ngozi ya chura wa Afrika, nyingine sumu ya nyuki. Hazimuui mbu. Zinachelewesha kimelea cha malaria tumboni mwake, na kwa kuwa mbu mwenyewe haishi siku nyingi, anakufa kabla kimelea hakijakomaa kuambukiza. Walimjaribu kwa damu ya watoto wa hapahapa wenye vimelea, si vimelea vya kufugwa Ulaya. Kingine ni kwamba maelekezo hayo yanaweza kufanywa yarithiwe na karibu watoto wote wa mbu badala ya nusu. Hapo ndipo penye mjadala wa haki, na hapo nakubali kabisa kwamba wananchi waulizwe kabla, si baada.

Ila msifikiri watu wa mbu wamekwama kwenye vinasaba. Bonde la Kilombero waligundua kwamba maambukizi mengi sana yanaletwa na aina moja, anofelesi funestasi, hata pale ambapo aina nyingine zimejaa kama vumbi. Huyo anapenda maji ya kudumu yasiyokauka, kando ya mito na mabwawa, kwa hiyo mazalia yake yanahesabika. Ukijua mwizi ni mmoja, huna haja ya kufunga kijiji kizima.

Kuhusu kurudisha majibu: tulikuwa tunaitisha mkutano wa kijiji mwishoni mwa mradi. Wanakuja wazee ishirini na watoto wanaotaka soda. Bajeti ya kukusanya damu ni ya miaka mitatu, bajeti ya kurudi ni ya siku moja na turubai la kukodi. Simtetei mtu, nawaambia nilichoona.

---

Shaka Kwanza

Chura tena? Nchi hii na chura hatutaachana 😂

Haya, umenijibu kistaarabu, nami nashusha silaha nusu. Lakini "hawajaachiwa" ni neno la leo.

---

Kipara cha Mbagala

Mbu mwenye sumu ya nyuki akiniuma navimba mara mbili au?

---

Mtoto wa Ifakara

Hapana mkuu. Inatengenezwa tumboni mwake akishanyonya damu, haipiti kwenye mate. Ila Mbagala mtavimba kwa mengine.

---

Mama Wawili Tabata

Mimi nakiri kosa hadharani. Binti yangu alipoletewa fomu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni nilikataa. Kundi letu la vikoba lilikuwa limejaa sauti za kurekodiwa: inafunga kizazi, inajaribiwa kwa weusi. Mwalimu wa afya akaniita, hakunigombeza. Akaniambia, mama, zamani ilikuwa dozi mbili, sasa ni moja, unajua kwa nini? Sijui. Akasema kwa sababu mabinti 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 walifuatiliwa kuona kama dozi moja inajenga kinga ya kutosha, na ikaonekana inatosha. Utafiti huo, pamoja na nyingine za Kenya na India, ndio uliosaidia Shirika la Afya Duniani kuruhusu dozi moja mwaka 2022, na sisi tukahamia huko 2024.

Kilichonigeuza si takwimu. Ni kwamba walikuwa mabinti wa Mwanza. Kwangu mimi "inajaribiwa kwa weusi" ghafla ikawa na maana nyingine, maana dozi moja badala ya mbili ni nusu ya sindano, nusu ya gharama, na msichana wa kijijini anayekosa dozi ya pili hayuko tena nusu kinga. Wamejaribu kwetu jambo linalotufaa sisi kuliko mtu wa London.

Nilisaini. Mtoto alilalamika mkono siku moja.

---

Bwana Shamba Mstahimilivu

Nimesubiri zamu ya kilimo mpaka chai imepoa.

Mzee wa Kongowe, pole na muhogo. Kosa lako ni hilo ulilolitaja kwa kupita: ulirudia pingili zilezile. Michirizi kahawia inaenezwa na nzi weupe, lakini safari ndefu inasafirishwa na sisi wenyewe kwenye pikipiki, tunapeana pingili kama tunavyopeana chumvi. Majani hayatoi siri kama ya batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, ambao unauona tu kwa kupita. Wewe uliona shamba zuri na jirani akaona shamba zuri, kwa hiyo mkachukuliana ugonjwa kwa upendo. Tafuta mbegu ya muhogo iitwayo Kiroba. Haikingi kila kitu, kirusi kinaweza kuingia, ila mizizi yake haiozi kirahisi.

Kuhusu vinasaba, historia yetu ni ya nenda rudi. Oktoba 2016 yalianza majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba Makutupora, Dodoma, ya kustahimili ukame. Mwaka 2018 serikali ikaagiza yasimame. Mwaka 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha majaribio ya aina hiyo. Kenya nao wakaondoa katazo lao la miaka kumi Oktoba 2022, halafu wakaishia mahakamani. Mimi sina upande mkali. Ninachochukia ni kufunga jaribio katikati, maana hapo huna jibu la "yanafaa" wala la "hayafai", una shamba lililofyekwa tu.

Ila kuna utafiti usio na kelele ambao ningeupeleka bungeni kama ningeweza. Sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, 20 wakafa. Mahindi yao wenyewe, ya ghalani kwao. Ukungu unaotoa sumu hiyo una ndugu zake wasio na uwezo wa kutoa sumu. Watafiti wakawatafuta hao ndugu wapole katika udongo wetu wenyewe, wakawapachika kwenye punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, nawe unazimwaga shambani wiki chache kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Wapole wanajaza nafasi, wakorofi wanakosa pa kukaa. Inaitwa Aflasafe, na ya Tanzania ina ukungu wa Tanzania, huwezi kuleta wa Nigeria. Bado kukausha vizuri ni lazima. Mtu akianika mahindi kwenye udongo mbichi hakuna ukungu mpole utakaomwokoa.

Muulize muuza unga wako kama amewahi kuisikia. Mimi niliuliza pale sokoni, akadhani nauza simu.

---

Mchora Mifereji

Mazingira mmetusahau, tumezoea.

Mwaka 2015 nikiwa mwanafunzi niliingia mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mafuriko Dar es Salaam. Tulizunguka Tandale na kata nyingine, tukachora kila mfereji, kila kichochoro, ndege ndogo zisizo na rubani zikapiga picha juu. Kazi ya maana ilikuwa ya miguu: kukaa na mama anayekaanga mihogo akuoneshe ukutani maji yalifika wapi. "Hapa mwaka ule, hapa mwaka huu." Alama za tope ukutani kwake zilikuwa sahihi kuliko modeli tuliyokuwa nayo.

Halafu tulichapisha ramani. Nilipeleka moja kwa mikono yangu ofisi ya serikali ya mtaa fulani, ikabandikwa ukutani. Miezi baadaye nikarudi, nikakuta imefunikwa na kalenda. Lakini! Vijana wa mtaa walikuwa wameipiga picha, na mvua zilipokuja wakaitumia kujua njia ipi ipitishe wagonjwa. Kwa hiyo Mtoto wa Ifakara, jaribuni simu badala ya turubai.

---

Morogoro Mjini Kati

Mmetaja "sisi panya wao" na hakuna aliyetaja panya wenyewe, aibu kwenu. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa kifua kikuu. Panya mmoja anapita sampuli mia za makohozi ndani ya dakika ishirini, kazi ambayo mtu wa darubini itamchukua siku. Wanapitishiwa sampuli zilizotoka zahanati, na wananasa wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana. Mwenzao Magawa, mzaliwa wa hapa, alinusa mabomu ya ardhini na masalia ya vita zaidi ya 100 Kambodia, akapewa medali ya dhahabu Uingereza 2020. Panya wa Moro ana medali, wewe una nini?

---

Kipara cha Mbagala

Mimi nina deni la vikoba.

---

Mzee wa Kongowe

Nimerudi. Nesi Mstaafu, shikamoo mama, na pole kwa hao wawili.

Nimeguswa na la Mama Wawili. Jana nilimpigia yule dereva wa Bagamoyo, namba yake nilikuwa nayo kwa sababu alinipeleka stendi. Nikamweleza R21 kwa Kiswahili cha kijiweni: mwanao na wenzake 4,800, asilimia 68, Ivory Coast. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Sasa hiyo sindano, huyu mdogo ataipata?" Nikamwambia aulize kliniki. Akasema ataenda na mkewe, maana yeye ndiye aliyesaini.

Shaka Kwanza, kuhusu "neno la leo" tuko pamoja. Mtoto wa Ifakara, nikipata mualiko wa mkutano wa kijiji nitakuja, na soda nitajinunulia.

Bwana Shamba, hiyo Kiroba naipata wapi iliyo safi? Jumamosi nashuka Mkuranga na kirikuu tupu. Mwenye pingili zilizokaguliwa, iwe Kibaha, iwe Kisarawe, aniandikie kisandukuni. Za jirani sichukui tena, hata akinipa na kuku.